Google Scholar, PubMed, AGRIS au JSTOR: neno lipi litafutwe wapi?

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika kuhusu michirizi ya kahawia, ule ugonjwa unaoozesha mihogo ardhini huku shina na majani yakimdanganya mkulima kwamba mambo ni shwari, kwa kawaida huanza na maneno manne: cassava brown streak Tanzania. Akiyaingiza Google Scholar anapokewa na maelfu ya matokeo. PubMed inampa machache kuliko hayo, AGRIS inampa orodha yenye sura nyingine, na JSTOR inamletea vitu ambavyo hakuvitarajia. Maneno ni yaleyale. Tofauti iko kwenye kile ambacho kila mtambo umekisoma kabla yeye hajafika.

Jambo hilo halisemwi vya kutosha kwenye semina za maktaba. Tunafundishwa AND, OR na NOT, yaani maneno ya kuunganisha au kuondoa matokeo, tunachorewa miduara miwili inayopishana, kisha tunaachiwa. Swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: hapa ninapotafuta, panasomwa makala nzima au kichwa na ikisiri tu, yaani ule muhtasari wa mwanzo? Jibu lake ndilo linaloamua uandike maneno mengi au machache, ya jumla au ya ndani kabisa. Nitazilinganisha hifadhidata hizo nne kwa mfano huohuo wa mihogo, kwa sababu maandishi yake yamesambaa tangu enzi za Wajerumani hadi leo, na kwa lugha kadhaa.

Mtambo unaosoma yote na mtambo unaosoma juujuu

Google Scholar, iliyoanza Novemba 2004, husoma makala nzima pale mchapishaji anaporuhusu: kichwa, mwili, hata marejeleo. Ndiyo maana neno Tanzania halichuji kitu humo. Utafiti wa Nigeria ulioitaja Tanzania mara moja kwenye utangulizi unahesabiwa kuwa umetimiza masharti. Wengi wakiona matokeo yamezidi huongeza maneno kama impact, study na farmers, na hali inabaki palepale, maana maneno hayo yamo katika karibu kila makala ya kilimo duniani.

Kinachofaa kwenye mtambo wa namna hii ni neno adimu. Chukua majina ya mbegu. Namikonga ni mbegu inayojulikana Tanzania kwa kustahimili michirizi. Watafiti wanaitaja kuwa ndiyo ileile inayoitwa Kaleso nchini Kenya. Andika Namikonga OR Kaleso, OR ikiwa kwa herufi kubwa, na utaanza kuona makala ambayo vichwa vyake havitaji majina hayo hata kidogo, lakini ndani yana majedwali ya mbegu zilizopandwa, alama za ugonjwa na mavuno. Hifadhidata inayosoma ikisiri pekee isingekuonyesha hayo. Mwandishi aliyepimiwa maneno 250 ya ikisiri hana nafasi ya kuorodhesha kila mbegu aliyoipanda.

Njia nyingine kwenye Google Scholar ni kulazimisha maneno yawe kwenye kichwa: intitle:"brown streak". Ni ya kibabe, na utakosa baadhi ya vitu, lakini kwa jioni ya kwanza inatosha. Jihadhari tu na kile kitufe cha kupanga kwa tarehe. Wengi hukibonyeza wakidhani wanapanga orodha nzima, kumbe kinawabakizia yaliyoongezwa ndani ya mwaka mmoja uliopita. Ukitaka mipaka ya miaka, jaza miaka yenyewe upande wa kushoto.

PubMed ni kinyume chake. Ni mali ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ni ya bure, na ingawa jina lake linanukia hospitali, virolojia ya mimea imejaa humo. Inachosoma ni kichwa, ikisiri, maneno muhimu ya mwandishi, istilahi zilizobandikwa na maktaba, na taarifa nyingine za utambulisho. Mwili wa makala haiugusi. Kwa hiyo hatari yako humo ni kukosa kuliko kufurikiwa. Mwandishi aliyeandika East Africa au coastal lowlands kwenye ikisiri bila kutaja nchi umeshampoteza ukilazimisha Tanzania. Tena kuna mtego mwingine: neno Tanzania likiachwa bila mipaka husomwa hata kwenye anwani za waandishi, kwa hiyo mtafiti wa Dar es Salaam aliyeshiriki kazi ya maabara huko Ulaya atakuja pia. Kwenye ukurasa wa utafutaji wa kina, chagua Title/Abstract kwa mstari huo wa nchi, na wageni hao wataondoka.

AGRIS, ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ipo tangu miaka ya 1970 na inakusanya rekodi za kilimo kutoka taasisi za nchi nyingi kwa lugha nyingi. Ubora wa rekodi zake unapanda na kushuka: moja ina ikisiri ndefu, inayofuata ina kichwa na mwaka tu. Ukiibebesha maneno sita yenye AND katikati, utazifuta zile rekodi fupi, na mara nyingi hizo ndizo ripoti za vituo vya utafiti ambazo huzipati kwingine. Mawazo mawili yanatosha: zao, na ugonjwa.

JSTOR inarudi upande wa Google Scholar, kwa maana husoma matini kamili, ila ghala lake lina tabia yake. Majarida mengi humo yamepigwa picha tangu toleo la kwanza, na makala yenye ikisiri ni machache, takriban moja kati ya kumi. Mtu aliyezoea PubMed akibana utafutaji wake kwenye ikisiri huku JSTOR, ametupa sehemu kubwa ya ghala bila kujua.

Maneno yako au istilahi zao

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, na hapa ningemshauri mtu atumie muda.

Neno muhimu ni lako, unalifikiria mwenyewe. Istilahi ya orodha ni ya maktaba: kuna watu, na siku hizi programu, wanaosoma makala na kuyabandikia majina yaliyokubaliwa, ili mwandishi akiandika cassava, manioc au Manihot esculenta, yote yaangukie kapu moja. PubMed ina orodha ya MeSH, iliyoanza mwaka 1960. AGRIS inatumia AGROVOC, ambayo ina lugha zaidi ya arobaini, Kiswahili kikiwamo, ingawa upande wa Kiswahili haujajazwa kama wa Kiingereza. Katalogi nyingi za vyuo hutumia vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Katika MeSH, muhogo hauitwi cassava. Unaitwa Manihot. Uzuri ni kwamba PubMed inajua hilo: ukiandika cassava bila alama yoyote, yenyewe inaongeza Manihot kimyakimya. Ukifungua historia ya utafutaji kwenye ukurasa wa Advanced na kubonyeza Details, utaona sentensi ndefu iliyotengenezwa kutokana na neno lako moja. Nawahimiza watu wafungue hapo kila mara, kwa sababu ndipo unapoona mtambo ulivyokuelewa, au ulivyokuelewa vibaya.

Upanuzi huo hufa ukiweka neno ndani ya alama za mtajo, na hufa pia ukiweka kinyota, ile alama ya * inayosimama badala ya mwisho wa neno. Kwa hiyo "cassava" yenye alama za mtajo ni utafutaji mwembamba kuliko cassava tupu. Wanafunzi waliofundishwa kwamba alama za mtajo huongeza umakini huzimwaga kila mahali, kisha wanashangaa kwa nini mwenzao amepata zaidi. Alama za mtajo ni za fungu la maneno, kama "brown streak". Neno moja liache huru.

Je, basi tutumie istilahi pekee? Kwa ugonjwa wa binadamu uliochapishwa kwenye majarida makubwa, istilahi ni nzuri mno. Kwa mada zetu nyingi, hapana. Makala yaliyomo PubMed lakini hayamo MEDLINE, ambayo ndiyo sehemu yake inayobandikiwa istilahi, hayana MeSH, na majarida mengi ya Afrika Mashariki hayamo MEDLINE kabisa. Ukitafuta kwa Manihot kama istilahi peke yake, umeamua bila kukusudia kuwaacha nyumbani watafiti wa vituo vya Kibaha na Naliendele. Nafuu ni kuviunganisha: mstari mmoja wenye istilahi na maneno huru, vyote vikitenganishwa na OR.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa PubMed una mistari mitatu kwenye utafutaji wa kina, kila mstari wazo moja:

Mstari wa kwanza: cassava OR manioc OR Manihot
Mstari wa pili: "brown streak" OR CBSD OR CBSV OR UCBSV
Mstari wa tatu: resistan* OR toleran*

Mistari inaunganishwa na AND. Kinyota mwishoni mwa resistan kinakuletea resistance na resistant kwa pamoja. CBSD ni ugonjwa wenyewe (cassava brown streak disease), CBSV ni kirusi chake cha kwanza, na UCBSV ni kirusi cha pili, kile kilichopewa jina la Uganda. Makala ya miaka ya mwanzoni, karibu 2009 na 2010, yalikiita CBSUV, herufi zikiwa zimepishana, kwa hiyo anayefanya mapitio ya kina aongeze hilo pia. Nchi sijaiweka. Ukiona matokeo yanasomeka kwa siku mbili, hakuna haja ya kuibana.

Vifupisho navyo vina hila. CBSD haina wagombea wengi. Lakini jaribu CMD, kifupisho cha batobato (cassava mosaic disease), ugonjwa mwingine wa mihogo, kwenye PubMed: utajikuta katikati ya makala ya afya ya akili, kwa sababu madaktari wanatumia herufi hizohizo kwa magonjwa ya kawaida ya akili. Kwenye AGRIS kifupisho hicho kina usalama zaidi. Kifupisho kimoja kinaweza kuwa kisu kikali pale na kisu butu hapa.

Na usiandike kila kitu kwenye mstari mmoja kwa haraka. PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika cassava AND mosaic OR streak, inaunganisha cassava na mosaic kwanza, kisha inakuongezea kila chenye streak: kirusi cha michirizi ya mahindi, na maabara za bakteria zinazopaka sampuli kwenye sahani. Mabano yangezuia hilo. Mistari tofauti inazuia vizuri zaidi, kwa sababu huwezi kusahau kuyafunga.

Kinyota na lugha yetu

Kinyota kilitengenezwa na watu ambao maneno yao hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Farm* inakupa farmer, farmers na farming. Mkulima, wakulima na kilimo havina mwanzo mmoja wa kushika. Kuweka kinyota mbele ya neno hakusaidii: PubMed haikubali, JSTOR haikubali. Kwa maandishi ya Kiswahili, basi, OR inafanya kazi ya kinyota: muhogo OR mihogo, ugonjwa OR magonjwa, mkulima OR wakulima.

Google Scholar haitumii kinyota hata kwa Kiingereza. Yenyewe inakisia miisho ya maneno, na makisio hayo usiyategemee kwa Kiswahili. Hata hivyo ndipo mahali pazuri zaidi pa kuanzia kwa maneno ya Kiswahili, kwa kuwa inaingia kwenye hazina za vyuo kama Sokoine, Makerere na Nairobi, ambako tasnifu zinawekwa. Batobato ni neno zuri la kutafutia: ni adimu, na mwandishi wa Kiingereza aliyefika shambani mara nyingi hulitaja kama jina la wenyeji. PubMed usiihangaikie kwa Kiswahili.

Kwa wasomaji wa Kongo na Burundi, usisahau kwamba nusu ya hadithi iko kwa Kifaransa: manioc, mosaïque, striure brune. Neno manioc linafanya kazi mbili, kwani Waingereza wa zamani nao walilitumia. Msumbiji wanaandika mandioca. AGRIS ndiyo inayowalipa zaidi wanaotafuta kwa lugha hizi, na hili ni moja ya mambo machache ambayo inaishinda Google Scholar waziwazi.

Ukitafuta ya zamani, sahau majina ya leo

Batobato ilielezwa kwa mara ya kwanza kimaandishi mwaka 1894, na Warburg, kutokana na mimea ya Usambara. Alikuwa Mjerumani, akauita ugonjwa huo Kräuselkrankheit. Michirizi ya kahawia iliripotiwa mwaka 1936 na Storey, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani. Hakuna kati yao aliyeandika Tanzania, maana nchi ya jina hilo haikuwapo hadi 1964. Utafutaji wenye neno Tanzania kwenye JSTOR unafuta miaka sabini ya maandishi.

Kwa hiyo mstari wa mahali kwenye JSTOR uwe na vizazi vyote: Tanzania OR Tanganyika OR "German East Africa" OR "Deutsch-Ostafrika". Jirani zetu nao vilevile: Kongo ya 1971 hadi 1997 iko chini ya Zaire, na kabla ya uhuru iko chini ya Congo belge au Belgian Congo, Burundi na Rwanda ziko pamoja kama Ruanda-Urundi. Magonjwa nayo hayakuwa na vifupisho vya leo, basi CBSD haina kazi humo. Andika cassava pamoja na disease au famine, na tumia alama ya ukaribu: "cassava famine"~10 inataka maneno hayo yawe ndani ya umbali wa maneno kumi. Kwenye matini kamili alama hiyo ina faida kuliko AND, kwa kuwa AND inaridhika hata cassava ikiwa ukurasa wa pili na famine ukurasa wa arobaini.

Anayeandika historia ya kilimo au sera za njaa za wakoloni, aanzie JSTOR moja kwa moja. Anayeandika kuhusu vinasaba vya ukinzani asipoteze muda humo.

Kuhusu NOT

Itumie mara chache, au usiitumie kabisa. Mfano: matokeo yako yanaingiliwa na viazi vitamu, nawe unaandika NOT "sweet potato". Virusi vya michirizi viko kwenye jenasi ya Ipomovirus, iliyopata jina kutokana na Ipomoea, jamii ya viazi vitamu, na kirusi cha viazi vitamu ni ndugu yao. Makala mazuri ya virolojia huwataja wote wawili kwenye ikisiri moja, na NOT yako imeyafuta. Kwenye Google Scholar alama yake ni kistari kabla ya neno, na huko ni hatari zaidi, kwani neno likionekana popote ndani ya matini, hata kwenye marejeleo, makala inatoka.

Basi uanzie wapi?

Ukiwa na jioni moja, simu na kifurushi kidogo: Google Scholar, kwa jina adimu au intitle, kisha bonyeza Cited by chini ya makala inayokufaa zaidi. Orodha ya waliomtaja mwandishi huyo mara nyingi inazidi utafutaji wowote wa maneno, kwa sababu hapo watafiti wenzake wamekuchujia.

Ukiandika mapitio ya kimfumo, yale ambayo msimamizi atakuuliza umepataje namba zako, Google Scholar haiwezi kuwa mguu wako mkuu. Inaonyesha matokeo 1,000 tu hata ikidai ina elfu hamsini, kisanduku chake kinakomea herufi 256, na mpangilio wake haurudiwi sawasawa na mtu mwingine. PubMed inakupa historia unayoweza kuinakili kwenye kiambatisho, mstari kwa mstari, pamoja na tarehe uliyotafuta. Kama chuo chako kinalipia CAB Abstracts, hiyo ndiyo pana zaidi kwa kilimo, na ina orodha yake ya istilahi. Muulize mkutubi kabla ya kudhani haipo.

Ukitaka hasa majarida ya Afrika, fungua AJOL, yenye mamia ya majarida ya bara hili na makao yake Afrika Kusini. Kisanduku chake cha kutafutia si cha kujivunia. Andika neno moja au mawili, au pitia Google ya kawaida kwa kuanza na site:ajol.info kisha maneno yako, ambako mara nyingi ndiko rahisi zaidi.

Makala ikikuelekeza kwenye ukurasa wa malipo, usitoe kadi bado. Bonyeza All versions chini ya matokeo ya Google Scholar, kwani nakala ya mwandishi huwa imelala kwenye hazina ya chuo fulani. PubMed ina alama ya makala ya bure. JSTOR inaruhusu mtu aliyejiandikisha bila malipo kusoma makala kadhaa kwenye skrini kila mwezi. Halafu kuna Research4Life, mpango uliozaliwa kwa HINARI ya WHO mwaka 2002 na kufuatiwa na AGORA ya FAO kwa upande wa kilimo: vyuo na taasisi za utafiti za nchi nyingi za kipato cha chini zina haki ya kuingia bila kulipa. Nenosiri halipewi mtu mmojammoja, linapewa taasisi, na kwa kawaida liko kwa mkutubi.